Vidole Vyangu na Mguu wa Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya tatu tangu Baba Mkwe apasuliwe. Utumbo uliziba, wakakata kipande, wakaunga. Daktari anasema kazi ya kisu imekwisha, sasa tunasubiri jambo moja tu: mzee atoe upepo. Ndiyo. Upepo ule ule. Mpaka utoke, hakuna kula, hakuna kunywa, na mpira wa puani haung'olewi. Usipotoka, maana yake utumbo umelala, na ukiendelea kulala huenda wakamrudisha mezani. Ana miaka sabini na moja. Mama Mkwe aliposikia neno "kumrudisha" aliketi juu ya ndoo ya usafi akidhani ni kiti.

Basi ukoo mzima, watu wazima wenye heshima zao, tumezunguka kitanda tukitega masikio.

Mimi nina jambo la pili ninalosubiri. Duka. Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, mzee alimkabidhi Mama Mkwe funguo za duka lake la fremu na vioo. Akasema mbele yetu wote kwamba akitoka salama atampa mkwe atakayemuuguza vizuri, maana yeye hatanyanyua kioo kwa miezi. Wakwe ni wawili. Mimi, na mwanyumba wangu, aliyemuoa dada mkubwa wa mke wangu. Anatengeneza friji lakini anajiita Mhandisi. Na watu wanamwita hivyo! Mimi nimefuga kware, nimepika sabuni, nimekodisha viti, hakuna aliyewahi kuniita chochote.

Leo muuguzi mmoja, mwanamke mfupi mwenye vidole vigumu kama vigingi (nimempa jina Sista Vidole), ametueleza mpango. Miguuni mzee amevishwa mifuko miwili ya hewa iliyounganishwa na mashine. Inajaa, inabana, inalegea. Fuuu, halafu shiii. Inasukuma damu isigande kwa kulala sana. Pamoja na hiyo kuna kukanda: sehemu maalumu za mguu na mkono zinabonyezwa ili utumbo uamke. Sista atamfundisha ndugu mmoja tu, aendelee wakati yeye yuko kwa wagonjwa wengine. Mhandisi alinyoosha mkono kabla Sista hajamaliza kusema. Nikasema, kwa sauti ya unyenyekevu, kwamba mimi nilisomea kazi hiyo miezi mitatu kwa mtaalamu.

Nilitazama video moja. Nusu.

Jumanne, 10 Juni

Nimechaguliwa! Mhandisi alinuna mpaka masikio yakasogea.

Sista Vidole alinionyesha. Vidole vinne chini ya pia ya goti, toka nje kidogo ya muundi, hapo. Bonyeza mpaka mgonjwa ahisi uzito, zungusha taratibu, usitumie ubabe. Halafu mkononi, vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo, katikati ya kano mbili. Hapo kunatuliza kichefuchefu. Akaniambia nijaribu. Nilibonyeza, mzee akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Sista akauliza mtaalamu wangu anapatikana wapi. Nikasema alishafariki. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Akatoa onyo pia. Shavu la mguu likiuma, likivimba au likiwa la moto, mtu asiguse. Amwite yeye. Damu ikiwa imeganda mle ndani na wewe ukakanda, bonge linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu. Anasema watu hufa hivyo katikati ya maongezi. Nilitikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa.

Kadi ya kitandani sasa imeandikwa: Mkandaji, mkwe mdogo. Nimeipiga picha.

Lakini Mhandisi hakulala chini. Ameomba asimamie mashine. Amenunua daftari gumu, akachora mistari kwa rula: saa, hali ya mashine, sahihi. Kila nusu saa anaandika. Daktari alipopita aliliona, akasema familia zote zingekuwa hivi wodi ingepumua. Mistari! Mimi nimebonyeza dakika arobaini, vidole gumba vinawaka moto, na anasifia mistari!

Mke wangu amesema anafurahi kwamba nimepata kitu ninachokipenda. Alisema maneno hayo hayo wakati wa kware.

Jumatano, 11 Juni

Hakuna upepo. Tumbo la mzee limejaa kama ngoma iliyowambwa. Daktari ameweka kifaa chake cha kusikilizia, akasogeza huku, akasogeza kule, akakitundika shingoni. Baadaye, koridoni, alituambia atasubiri mpaka Ijumaa asubuhi. Baada ya hapo itabidi tuongee tena. Mama Mkwe hakuuliza tuongee nini.

Nimeamua kuongeza nguvu. Asubuhi nilikanda kwa uzito wote wa mabega. Mzee alisema, kwa sauti ya chini, mwanangu taratibu. Nikamwambia maumivu ni njia inafunguka. Upande wa pili Mhandisi alikuwa akiwaeleza wageni kwamba sayansi yote iko kwenye mashine, hayo mengine ni kumpapasa mzee tu.

Kumpapasa!

Saa nane mchana Mhandisi akaenda kantini. Wanawake walikuwa wamerudi nyumbani kufua mashuka. Nikakumbuka ile nusu ya video ambayo sikuitazama. Pengine siri yenyewe iko huko! Simu ilikuwa imebaki na chaji asilimia mbili. Soketi karibu na kitanda ni moja. Moja tu, wodi nzima hii! Nikachomoa mashine. Dakika tano, nikajiambia. Mzee alikuwa amesinzia, blanketi limemfunika mpaka kiunoni.

Video ilikuwa ya dakika arobaini. Ikafuata nyingine. Ikafuata ya bwana mmoja anayekanda masikio tu, na ana wafuasi laki sita. Muuguzi mwingine alikuja kubadilisha dripu, akaondoka. Nilikuwa bado nahesabu ningekuwa na wafuasi wangapi mimi, nikahisi kuna kitu kimepungua chumbani. Kimya. Hakuna fuuu. Hakuna shiii.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na robo.

Nikafunua blanketi. Mifuko imelala miguuni mwa mzee, bapa, kama maputo ya sherehe ya juzi. Zaidi ya saa mbili! Nilirudisha waya, mara mbili nikakosa tundu. Ikaanza. Fuuu. Sijawahi kupenda sauti kama ile.

Likabaki daftari. Nikawaza, nitaiga mwandiko wake, nijaze nafasi za kuanzia saa nane. Nikafungua. Zimejazwa! Saa nane: inafanya kazi vizuri. Saa nane na nusu: inafanya kazi vizuri. Mpaka saa kumi na mbili jioni, ambayo bado haijafika! Mhandisi anajaza siku nzima asubuhi, halafu anakwenda kantini kupiga soga!

Nilicheka kwenye mto mpaka nikatoka machozi. Ameniokoa mwenyewe, na hajui. Na siku nikitaka kummaliza, silaha ninayo.

Alhamisi, 12 Juni, saa nne asubuhi

Mungu wangu.

Nimefika saa moja. Mzee amenivuta kola, akaninong'oneza kwamba shavu la mguu wa kushoto linamuuma tangu alfajiri. Akaniapisha nisimwambie mtu. Anasema akisema anaumwa popote, watamrudisha mezani, na akirudi hatoki. Aliniambia mimi kwa sababu mimi ndiye mkandaji. Ananiamini!

Nilijifanya natengeneza blanketi nikatazama. Mguu wa kushoto ulionekana mnene kuliko wa kulia. Nikaupima kwa shubiri. Sawa. Nikapima tena. Mnene. Nikatoa kamba ya kiatu nikapimia, mzee akauliza kama ninataka kumshonea suruali.

Saa tatu ni zamu ya kukanda. Nikikanda, naweza kumuua. Nikikataa, nitaulizwa kwa nini. Nikisema kwa nini, kwaheri duka, na mke wangu sijui atanitazama kwa jicho gani. Nilikwenda chooni kufikiri. Nikatoka na bendeji mikono yote miwili, niliichukua kwenye toroli la vidonda. Nimemwambia Sista Vidole nimebanwa na mlango wa gari. Akauliza, mikono yote miwili? Nikasema ulikuwa mlango mkubwa.

Nilidhani nimemaliza. Sista akageuka, akasema haidhuru, leo akande Mhandisi.

Hilo sikulifikiria! Hata kidogo!

Mambo yakaenda mbio. Sista alimuuliza mzee kama kuna mahali panauma. Mzee akasema hapana, yuko kama kijana. Sista akauliza kama mashine ilizimika wakati wowote jana. Mhandisi akaleta daftari amelibeba kwa mikono miwili kama hati ya nyumba. Sista akasoma mstari kwa mstari, akaridhika. Mzee anaficha. Daftari linadanganya. Mimi nimefungwa bendeji. Waongo watatu kwenye mguu mmoja, na kati yetu ni mimi peke yangu niliyejua yote.

Mhandisi akakunja mikono ya shati. Akapaka mafuta viganjani, taratibu, ili kila mtu aone. Akapima vidole vinne. Mama Mkwe alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mke wangu karibu naye. Nilimtazama mzee. Amefumba macho, ameuma pembe ya shuka.

Niandike ukweli, daftari hili ni langu mwenyewe. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni funguo. Halafu nikakumbuka siku kware wangu walipokufa wote, mia mbili na kumi. Ndugu zangu walikuja kutazama na kucheka. Huyu mzee alikuja na jembe. Alichimba na mimi kuanzia asubuhi, alipomaliza akanawa mikono, akaomba maji ya kunywa, na jembe akaniachia.

"Usimguse!"

Nilipiga kelele mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaangusha redio.

Nikasema yote kwa pumzi moja. Mashine ilizimwa jana zaidi ya saa mbili. Nilichaji simu. Na mguu unamuuma, anawaficha. Mhandisi akasema haiwezekani, daftari lipo. Nikamwambia Sista afungue ukurasa wa leo. Akafungua. Saa tano, inafanya kazi vizuri. Saa sita, inafanya kazi vizuri. Akatazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Sista hakupandisha sauti. Aliondoa mkono wa Mhandisi kwenye mguu, kidole kimoja kimoja, kisha akakimbia. Sikujua kama anaweza kukimbia.

Alhamisi hiyo hiyo, saa sita mchana

Naandika koridoni. Wamempeleka kupima kama damu imeganda. Alipopitishwa kwenye toroli mzee alitazama dari. Hakunitazama mimi.

Mama Mkwe ameshika ndala zake kifuani. Mke wangu amekaa kiti cha mbali, kuna viti vitatu vitupu kati yetu. Nilisogea kimoja. Naye akasogea kimoja.

Kwa kukosa la kufanya nilifungua bendeji. Shemeji, mke wa Mhandisi, akaona mikono yangu mizima, haina hata mkwaruzo. Akamgusa mke wangu kwa kiwiko. Wote wawili wakaitazama mikono yangu. Nikaiweka mifukoni.

Mhandisi amesimama dirishani, anakunja na kukunjua rula.

Mlango bado umefungwa.

Bado.

Alhamisi, saa kumi jioni

Hakuna bonge! Damu inapita vizuri miguu yote miwili!

Niliposikia nilikaa chini pale pale sakafuni. Daktari alisema tumebahatika, na neno hilo alilisema akinitazama mimi, hakulisema kwa uzuri. Maumivu yanatokana na jeraha la kubonyezwa. Kuna alama ya zambarau kwenye shavu la mguu, umbo la kidole gumba, unaweza hata kuona upande wa kucha. Sista Vidole akaniita pembeni, akaniambia nimwonyeshe jinsi ninavyopima. Nikapima vidole vinne chini ya goti. Halafu nikaweka vinne vya mkono wa pili. Kwa uhakika. Kisha nikakamata kwa nyuma, mahali penye nyama. Sista alifumba macho akahesabu kitu kimoyomoyo. Siku mbili nilikuwa nikikanda mahali ambapo hakuna kitu.

Na sasa habari kubwa! Kule chumba cha kipimo, mpimaji alimpaka mzee yale mafuta ya baridi kwenye paja. Mzee akashtuka. Ukatoka! Mpimaji anasema alidhani mtu ameburuta kabati. Mzee akaomba radhi. Daktari akapiga makofi. Mara ukatoka wa pili, mrefu, na Mama Mkwe aliyekuwa mlangoni alilia na kucheka kwa pamoja, akawa anawaambia watu wapitao koridoni, mume wangu amejamba, mume wangu amejamba, na watu wasiomjua wakampa hongera.

Mke wangu alinishika mkono. Kisha akakumbuka, akauachia.

Ijumaa, 13 Juni

Mpira wa puani umetoka. Amekunywa maji vijiko vitano na yamekaa.

Mzee alituita wakwe zake wote wawili, na binti zake. Sauti yake bado ni nyembamba, ikabidi tuiname. Alianza na yeye mwenyewe. Akasema naye alidanganya, aliogopa, na mtu mzima akiogopa anafanya ya kitoto. Halafu akamwambia Mhandisi kwamba daftari lake lilikuwa zuri sana kwa mashine isiyotazamwa. Mhandisi alitazama viatu. Kisha zamu yangu.

"Wewe," akasema, "umeniumiza mguu, ukazima mashine, ukadanganya kuhusu mikono, halafu ukaniokoa na hatari ambayo haikuwepo. Sijui nikushukuru au nikufukuze."

Nikasema chochote atakachoona sawa, Baba.

Funguo amewapa binti zake. Wawili hao wamelala kwenye viti siku sita, wamefua mashuka, wamemgeuza, na hakuna aliyeuliza habari za duka. Mke wangu alizipokea kwa mikono miwili akaziweka ndani ya pochi, bila kunitazama. Mimi na Mhandisi tulisimama kama wanafunzi waliochelewa mtihani.

Watu walipoanza kutoka, mzee akaniambia nibaki. Nikajua sasa ndiyo nafukuzwa. Akanionyesha kikombe. Nilimshikia anywe. Maji yalimwagika kidevuni, nikayafuta na mkono wa shati langu. Akaniuliza kama bado nina lile jembe. Nikasema ninalo. Akafumba macho akalala.

Nikitoka nimeona kadi ya kitandani. Mkandaji, mkwe mdogo, imekatwa kwa kalamu nyekundu. Mara mbili.

Alhamisi, 26 Juni

Mzee yuko nyumbani, anatembea mpaka getini na kurudi. Duka limefunguliwa, akina dada wanaliendesha, na wateja wanasema vioo vinakatwa vizuri kuliko zamani. Mimi nimekatazwa kugusa kioo. Sawa. Nina shughuli zangu.

Nimekaa nikayafikiria yote yaliyotokea, bila kujionea huruma, na kosa langu nimeliona wazi kabisa. Lilikuwa soketi. Kungekuwa na soketi mbili pale, leo hii wodi ile ingekuwa na sanamu yangu.

Kwa hiyo nimefungua huduma. Sebuleni kwetu, saa ambazo mke wangu yuko dukani. Kukanda na kubana miguu kwa waliotoka upasuaji. Bango nimeliandika mwenyewe, na mchoro wa mguu. Unafanana kidogo na mhogo, lakini ujumbe unafika.

Leo nimepata mteja wa kwanza! Fundi cherehani wa mtaa wa pili, ametolewa kidole tumbo wiki iliyopita. Hospitali wamempa soksi ndefu za kubana, wakamwambia azivae mchana na kuzivua jioni kama walivyomwelekeza. Nilizipapasa. Zinabana, sawa, lakini kwa woga. Jozi moja tu! Nikamvalisha jozi ya pili juu yake, na ya tatu kwa kuwa ni mteja wa kwanza. Tulivuta wawili, mimi nimekanyaga kochi ili nipate nguvu. Baada ya muda akasema hasikii vidole vya miguu. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili yenyewe, damu inapanda juu inakohitajika. Akaondoka anatembea kama mtu aliyesimama juu ya mito, akishika ukuta. Nimemwagiza asizivue mpaka nimwambie.

Huko nje kuna mtu anagonga geti kwa kitu kizito. Ni mke wa fundi. Anataja jina langu lote, la kwangu na la baba yangu, na kazi ninayofanya, na nyumba ninayokaa, kwa sauti ambayo mtaa mzima unaisikia.

Tangazo la bure! Ngoja nivae shati safi nikampokee.